Samaki wa Makundi Wafugwe Sebuleni?

Kuna samaki wa kutulia. Kambare hujilaza chini ya jiwe mchana kutwa, na perege dume akishachimba kiota chake hukilinda palepale. Samaki wa makundi hawako hivyo. Ni wembamba, wepesi, huogelea tangu kunapopambazuka hadi giza linapoingia, na mmoja akitengwa na wenzake hubadilika tabia papo hapo. Hao ndio ambao watu hutamani kuwaona sebuleni, maana tangi lenye samaki waliolala mgeni hulipita bila kuligeukia. Je, ni haki kuwafuga?

Nimepanga mjadala huu kwa sauti nne. MFUGAJI ni mama wa Dar es Salaam mwenye tangi nyumbani, anayetamani kuongeza la samaki wa Ziwa Tanganyika. MWALIMU anafundisha biolojia sekondari na hakubaliani naye. FUNDI hukata vioo na kuunda matangi. MZEE ni mvuvi wa dagaa wa Kigoma, yuko mjini kwa mwanawe. Wazungumzaji nimewabuni mimi, ila hoja zao ndizo zinazobishaniwa popote wafugaji wa samaki wa mapambo wanapokutana. Mimi mwenyewe sitakaa kimya.

MWALIMU: Mama, tuanze na hesabu. Tangi lako lina urefu gani?

MFUGAJI: Sentimita 120, Mwalimu. Upana 40, kina 50. Likijaa hadi ukingoni ni lita 240. Ndani wamo danio wa milia kumi na wawili, basi.

MWALIMU: Wewe umejitahidi. Lakini wangapi wananunua tangi la sentimita 60, tena dogo zaidi ya hapo? Danio aliyekomaa ana sentimita nne hivi. Sentimita 60 ni mara kumi na tano tu ya mwili wake, na akiamua huzimaliza kwa sekunde mbili tatu. Kioo. Anageuka. Kioo tena. Francis Hamilton, daktari Mskoti aliyemwandika samaki huyu kwa mara ya kwanza katika kitabu chake cha samaki wa mto Ganges, mwaka 1822, hakumtoa ndani ya sanduku. Kwao ni vijito, madimbwi na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepali, mahali ambapo mvua ikinyesha maji hutambaa hadi yakapotelea machoni. Sisi tunampa kuta nne na kumwita pambo.

MFUGAJI: Umesema mashamba ya mpunga, nami nakushika hapohapo. Mpunga hauoti kilindini. Ni maji ya kina cha goti, yenye tope, yanayopata moto jua likiwaka na kupoa usiku. Danio ameumbiwa maji madogo yanayobadilikabadilika, ndiyo sababu anavumilia kufugwa kuliko wengi. George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon alimchagua yeye kwa utafiti wa urithi, na mwaka 1981 akatangaza kwamba amewapata danio wa nakala moja, wote sawasawa kijeni. Leo samaki huyu yuko kwenye maabara duniani kote. Jeni zake ziliposomwa zote na matokeo kuchapishwa mwaka 2013, ilionekana kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenzake ndani ya danio. Samaki asiyeweza kuishi kwenye kioo asingefika huko.

MWALIMU: Kuvumilia na kustawi ni mambo mawili. Kuku wa kizimbani naye hutaga.

Hoja hiyo ya Mwalimu ina nguvu, na wafugaji wengi huikwepa. Kuzaa na kuishi miaka mingi ni dalili njema, lakini havitoshi kuthibitisha kwamba kiumbe hana dhiki. Tunahitaji kutazama mwenendo wake.

FUNDI: Wateja wangu huniambia samaki hana kumbukumbu wala maumivu, kwa hiyo hata ukimweka kwenye bakuli ni sawa.

MWALIMU: Wanasema hivyo kwa sababu samaki halii. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Uingereza walichapisha uchunguzi wa samaki aina ya trauti waliodungwa kemikali ya kuwasha mdomoni. Walisugua midomo kwenye changarawe, wakayumba, wakakaa muda mrefu bila kula. Walipopewa mofini, dawa ileile ya kutuliza maumivu ya binadamu, tabia hizo zilipungua. Mtu aniambie hiyo ni nini kama si maumivu.

MFUGAJI: Mwalimu, hapo hatugombani. Bakuli mimi silitetei hata kidogo.

MWALIMU: Basi tutazame tangi lako zuri. Wageni wakiingia husema, "Ona walivyochangamka!" Lakini samaki anayepanda na kushuka kwenye kona ileile, pua kwenye kioo, saa nzima, anatafuta njia ya kutoka. Ubaya wa samaki mwepesi ni kwamba kwa macho ya asiyemjua, raha yake na hofu yake zinafanana. Mwingine akiumwa utamwona kajikunja chini. Huyu mwepesi atakuwa anakimbia tu, nawe utakuwa unafurahi.

MFUGAJI: Hilo ni kweli, nami nimejifunza kulitazama. Danio wangu wakiwa na amani hawajipangi. Wawili wako juu wanafukuzana, watatu wanadonoa kwenye majani, wengine katikati, kila mmoja ameelekea upande wake, isipokuwa hakuna anayekwenda mbali na wenzake. Mtu akipita ghafla kivuli kikaangukia kioo, sekunde hiyohiyo wanabanana, vichwa upande mmoja, wanageuka wote kwa mpigo. Wageni hushangilia hapo. Mimi najua wameshtuka.

Naomba msomaji asilipite hili haraka, maana kwangu ndilo kiini cha mjadala mzima. Katika maji ya wazi, kubanana ni ngao. Samaki mkubwa anayewinda akikutana na miili mingi inayofanana, inayogeuka pamoja, hushindwa kumlenga mmoja. Lakini ngao hiyo ina gharama: aliyebanwa katikati hupata chakula kidogo, na maji yanayomfikia yameshapunguzwa oksijeni na waliotangulia. Kwa hiyo hatari ikipita, kundi hulegea. Zile picha za matangazo zenye samaki mia wamejipanga wote wakitazama upande mmoja, mara nyingi ni picha za samaki walioshtuliwa. Anayenunua samaki wa makundi kwa kutaka kuwaona wamejipanga kutwa, anataka kuwaona wameogopa kutwa. Wapo hata wanaoingiza samaki mkubwa ndani ya tangi kwa makusudi, ili wadogo wasilegee. Nalitaja jambo hilo kwa jina lake: ni ukatili. Uzuri wa samaki hawa uko katika kule kutawanyika kwao bila kuachana, na mfugaji ambaye hajajifunza kuupenda uzuri huo bado hajafikia kuwafuga.

MWALIMU: Kama umefika hapo, basi sikiliza na hili. Karl von Frisch, yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa utafiti wa nyuki, aligundua katika miaka ya 1930 kwamba samaki mdogo akijeruhiwa ngozi, kitu fulani hutoka kwenye ngozi ile na kuenea majini. Wenzake wakikinusa hutimua mbio au huganda chini. Danio naye anacho. Mtoni maji huichukua ile harufu ya hofu na kwenda nayo. Ndani ya tangi lako inakwenda wapi? Umemkosea mmoja kwa wavu, umewatisha wote, na maji ya kuwatisha wanaendelea kuyavuta kwenye matamvua.

MFUGAJI: Ndiyo maana wavu kwangu hauingii ovyo. Nikilazimika kumtoa mmoja nazima taa, natumia nyavu mbili kubwa taratibu, kisha nabadilisha theluthi ya maji. Lakini Mwalimu, hoja yako inanidai niwe mfugaji makini. Haijaniambia niache.

MWALIMU: Na wale wanaonunua watatu?

MFUGAJI: Hao waache. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa aina nne za samaki wa majumbani, wakiwemo neon na barb wa milia. Waliwekwa mmoja mmoja, wawiliwawili, watano na kumi. Waliokuwa kumi kwa jumla walikaa pamoja zaidi, na ugomvi ulikuwa mdogo kuliko kwenye makundi madogo. Barb wa milia wakiwa wachache hung'atana mapezi mpaka yakachanika. Mtu hudhani amenunua samaki mkorofi, kumbe amemnyima wenzake wa kugawana naye ukorofi.

FUNDI: Mama, tatizo ni mteja. Anataka wawili wekundu, wawili wa milia, wawili wa njano. Ukimwambia achukue kumi wa aina moja, anaona umemuuzia kitu kimoja mara kumi. Kuna mmoja aliniagiza nimtilie kioo cha kujitazama nyuma ya tangi ili samaki wake wa pekee ajione ana wenzake.

MWALIMU: Kioo hakimdanganyi kwa muda mrefu. Kundi halikai machoni peke yake. Mwaka 1976 Tony Pitcher, Brian Partridge na Clement Wardle walichapisha jaribio ambalo huwasimulia wanafunzi wangu. Walimziba macho samaki wa baharini anayeishi kwa makundi, wakamrudisha kwa wenzake wanaoona. Akaendelea kuogelea nao, akikaa mahali pake. Anawasikia kwa ule mstari wa hisia unaopita ubavuni, unaopokea msukumo wa maji kutoka kwa jirani. Waliokatwa pia mishipa ya mstari huo walishindwa. Taswira ya kwenye kioo haisukumi maji.

MFUGAJI: Unaona? Ushahidi wako mwenyewe unasema kwamba kinachohitajika ni wenzake wa kweli. Wenzake ninaweza kumpa.

MWALIMU: Wenzake, ndiyo. Nafasi?

Mwalimu hakujibiwa hapo. Nafasi ndilo jambo ambalo mfugaji wa nyumbani hawezi kulimaliza, anaweza kulikaribia tu. Uswisi, katika kanuni zake za kulinda wanyama za mwaka 2008, ilisema wanyama wa jamii wawe na wenzao, na tangi la samaki lisiwe wazi kutazamwa pande zote. Roma ilipiga marufuku bakuli la mviringo mwaka 2005. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini kwenye duka la samaki bado dhamiri ya muuzaji na ujuzi wa mnunuzi ndivyo vinavyoamua.

FUNDI: Samahani wakubwa zangu. Ninyi mnazungumzia roho ya samaki, mimi naomba tuzungumzie umeme.

Maji ya nyuzi 20 yakijazwa hewa yanabeba kama miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.5. Na hapa Dar miezi ya joto, sebule isiyo na kiyoyozi inafika huko bila shida. Sasa samaki akiwa kwenye maji ya moto mwili wake unafanya kazi haraka, anahitaji oksijeni zaidi. Maji yanampa kidogo, mwili unadai kingi. Na huyu anayekimbia kutwa ndiye wa kwanza kuishiwa. Utawaona alfajiri wote wako juu, midomo kwenye uso wa maji. Umeme ukikatika saa nane usiku na tangi limejaa samaki, asubuhi unaokota maiti.

Mteja huja na picha ya tangi refu la kusimama, la kuweka kando ya televisheni. Namwambia: lita 240 ninaweza kukujengea kwa upana wa 40 kwa 40, kwenda juu sentimita 150. Uso wake wa maji ni sentimita za mraba 1,600. Lita hizohizo nikizilaza kama tangi la mama hapa, 120 kwa 40, uso unakuwa 4,800, mara tatu. Oksijeni inaingilia usoni. Na samaki wa mbio anakwenda mbele, hapandi ghorofa. Wengine hunielewa. Wengine hutafuta fundi mwingine.

MFUGAJI: Na pampu ya betri, Fundi. Sema hiyo.

FUNDI: Pampu ndogo ya hewa ya betri ni lazima, sitaki mjadala. Umeme ukikatika usiwalishe. Kama huna betri, chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu, urudie tena na tena mpaka mkono uchoke. Maji ya bomba yana klorini, usiyamwage moja kwa moja. Yakae kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima, au utie dawa ya kuiondoa. Na jamani, tangi jipya si la kuingiza samaki siku ileile. Kinyesi cha samaki hutoa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na makali. Hao huchukua wiki nne hadi sita kukaa kwenye filta. Wanunuzi wengi hupoteza samaki katika wiki hizo, wanasema duka limewauzia wagonjwa.

MWALIMU: Kwa hiyo Fundi, wewe uko upande gani?

FUNDI: Upande wa mfuniko. Danio anaruka, Mwalimu. Nikiona tangi halina mfuniko, najua mwenyewe hajui alichonunua.

MFUGAJI: Mzee, shikamoo. Tumekuacha pembeni.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nasikiliza. Sisi kundi la samaki tunalijua usiku. Mwezi ukishapotea tunatoka na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi za betri na sola. Dagaa wanaufuata mwanga, wanakusanyika chini ya mtumbwi mpaka maji yanang'aa. Lakini mtoe dagaa mmoja ukamweke kwenye ndoo, hata maji yawe ya ziwa lilelile, hadumu. Magamba yanabaki mkononi mwako. Dagaa hakuumbiwa kushikwa.

MWALIMU: Huyo ni Stolothrissa tanganicae. Nduguye, Limnothrissa, alisafirishwa mpaka bwawa la Kariba miaka ya 1960, akastawi. Lakini alipelekwa kwenye ziwa, hakupelekwa sebuleni.

MZEE: Ndiyo. Ila kule kwenye miamba inayotelemka kilindini kuna wengine, wembamba, kama urefu wa kidole au zaidi kidogo. Dume ana mwili wa bluu, mkia wa njano au wa bluu. Wanakaa makundi makubwa juu ya mawe, wanakula vidudu vinavyoelea. Hao ndio wazamiaji wanawafuata.

MFUGAJI: Hao ndio ninaowatamani! Cyprichromis leptosoma. Boulenger aliwaandika mwaka 1898. Mwalimu, huyu samaki hana nyumba chini. Dume hushika eneo lake katikati ya maji matupu, hana jiwe wala shimo, na huko huko ndiko anakomwita jike. Jike hutoa yai, yai linazama, naye hugeuka upesi akalidaka kwa mdomo kabla halijapotea. Hutunza mayai mdomoni kama wiki tatu hivi, hali. Ndugu zetu wanaishi kando ya ziwa hilo tangu enzi, wangapi wamewahi kuona jambo hilo? Kioo kinaweza kutuonyesha.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapokupinga kwa nguvu zaidi. Kama dume anashika eneo lenye urefu, upana na kina, basi mwenye tangi dogo anamnyang'anya ardhi yake yote. Ni madume mangapi yatapata eneo ndani ya lita 240? Mmoja, labda wawili. Wengine watafifia rangi na kujificha kona ya juu.

FUNDI: Kwa hao mimi sikati kioo chini ya sentimita 150, na kina chake kisiwe kidogo. Na kuna jambo la maji. Ziwa Tanganyika lina pH karibu 9. Kwenye maji ya pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia moja ya amonia ndiyo iko katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 9 inazidi theluthi moja. Uchafu ule ule ambao danio anauvumilia siku mbili unaua kundi la Tanganyika usiku mmoja. Asiyekuwa na filta iliyokomaa na vipimo vya maji asiwaguse.

MZEE: Na mimi niulize la kwangu. Samaki huyo akipandishwa haraka kutoka kilindini, kibofu chake cha hewa kinavimba. Inabidi wampandishe kidogo kidogo, wakimpumzisha njiani. Wanaokosa subira wanapoteza wengi kabla hata ya kufika ufukweni. Sisi mwaka 2024 tulifungiwa ziwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Nyumba zetu zililiona hilo kwenye sufuria. Tulikubali kwa ajili ya ziwa. Sasa anayetaka samaki wa kutazama tu, yeye amefunga nini?

Hakuna aliyemkatiza Mzee, na mimi simkatizi. Biashara hii ina historia ndefu kwenye ziwa lake. Pierre Brichard, Mbelgiji, alikuwa akisafirisha samaki hai kutoka Burundi katika miaka ya 1970, na kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu samaki wa Tanganyika ndicho kilichowafundisha wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani. Matunda ya maji yetu yamependwa kwenye sebule za mbali kwa nusu karne, wakati nyumbani wengi wetu hatuyajui kwa jina.

MFUGAJI: Mzee, swali lako ni la haki. Lakini uvuvi wa samaki wa mapambo hauna lazima ya kuwa uporaji. Brazili, kwenye mto Rio Negro, wavuvi wa Barcelos huvua kardinali, samaki mdogo wa makundi mwenye mstari wa bluu na tumbo jekundu. Kuna mradi uitwao Project Piaba, uliojengwa juu ya wazo kwamba familia zinazoishi kwa samaki hao wadogo zina sababu ya kuulinda msitu unaowalea.

MZEE: Huko anayevua ni mwenye mto. Kwetu mtu wa mtumbwi na wavu wa dagaa hazamii. Fedha ya wazamiaji inatupita.

MFUGAJI: Basi nisichukue wa ziwani. Cyprichromis wanazaliana kwenye matangi, wameshazaliana hivyo kwa miongo mingi. Nitatafuta aliyezaliwa kwenye kioo, hata kama itanichukua muda. Na nikuambie Mwalimu kwa nini sikati tamaa na kioo. Kumbuka furu wa Ziwa Victoria. Sangara aliingizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshawafagia. Mamia ya aina yalipungua au kutoweka. Baadhi ya furu wameendelea kuishi kwa sababu tu kuna watu Ulaya na Marekani waliokuwa wanawafuga.

MWALIMU: Zilikuwa taasisi zenye daftari la kila ukoo, pamoja na wafugaji wachache wenye nidhamu ya namna hiyo. Vyura wa Kihansi nao waliokolewa hivyo: walichukuliwa mwaka 2000, wakatangazwa kutoweka porini mwaka 2009, wakaanza kurudishwa kwenye maporomoko yao mwaka 2012. Walichukuliwa kwa nia ya kurudishwa. Wewe danio wako utamrudisha wapi?

MFUGAJI: Popote pale simrudishi, na ole wake anayefanya hivyo. Samaki wa dukani akimwagwa mtoni au bwawani anaweza kuleta ugonjwa, au akawafanyia wenyeji kama sangara alivyowafanyia furu. Mwanangu analijua hilo kuliko watu wazima wengi, na amelijulia mbele ya tangi hili. Naye ndiye jibu langu, Mwalimu. Mtoto aliyewahi kutofautisha samaki aliyeogopa na samaki mwenye amani hatakuwa mtu wa kutupa sumu ziwani.

MWALIMU: Natamani hilo liwe kweli. Silijui. Ninachokijua ni kwamba kwa kila sebule kama yako kuna nyingine ambazo samaki watatu wanazunguka ndani ya lita 20, na muuzaji wao ni mmoja. Nikikubali yako, nafungua mlango wa zile.

MZEE: Mlango umeshafunguliwa zamani, Mwalimu. Sasa tuzungumze nani anapita.

Neno la Mzee nalichukua, na hukumu yangu naitoa hivi. Danio waliozaliwa kwenye ufugaji wanaweza kufugwa nyumbani kwa haki, mradi kundi lisipungue kumi wa aina moja, tangi liwe la kulala lenye urefu wa mita moja au zaidi, liwe na mfuniko, filta iliyokomaa na pampu ya betri kwa usiku wa giza. Chini ya hapo ni bora mtu achague samaki wa kutulia, au asifuge kabisa, na kutofuga si aibu. Cyprichromis ni wa wachache: tangi la mita moja na nusu, kundi lisilopungua kumi na wawili, vipimo vya maji mkononi, na samaki waliozaliwa kwenye kioo, wasiwe waliopandishwa kutoka kwenye miamba ya Kigoma kwa ajili ya sebule. Kando ya Milima ya Mahale, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, mpaka unaingia ziwani kama kilomita 1.6, na uvuvi ndani yake hauruhusiwi. Mtanzania anayetaka kuwaona samaki hawa katika makundi yao kamili anayo sehemu ya kwenda.

Kwa Mwalimu, sina jibu la kumridhisha kuhusu nafasi, na sidhani lipo. Tangi lolote ni dogo kuliko kijito. Ndiyo sababu mzigo wa kuthibitisha uko juu ya anayefuga.

Na kwenu wenye maduka, Dar, Mombasa, Nairobi, Kampala: mteja akija kutaka samaki mmoja au wawili wa makundi, mwambieni ukweli, mkatae kumuuzia. Andikeni kwenye kioo cha duka idadi ya chini ya kila aina, kama mnavyoandika bei. Nawe msomaji uliye na watatu nyumbani sasa hivi, usiwamwage mtoni. Waongezee wenzao kama tangi linaruhusu. Kama haliruhusu, mtafute mwenye tangi refu umpe kabla ya miezi ya joto.